Muulize Mwalimu: Mjukuu analeta kitabu, mimi sijui kusoma

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu watoto ambao hawajafika darasa la kwanza. Mimi nilifundisha darasa la kwanza hapa Tanga mpaka nikastaafu. Siku hizi darasa langu ni baraza la nyumba yetu Ngamiani, ambako watoto wa barabara nzima hujikusanya alasiri kwa kuwa wanajua kuna kapu la vitabu, na kashata ikijaaliwa. Barua ya kwanza nitaijibu kwa kirefu. Wengine mtanivumilia.

*Mwalimu, habari za siku. Ninalea mjukuu wa kike wa miaka minne, mama yake yuko Dar anatafuta maisha. Alipokuja mara ya mwisho alimletea vitabu vya picha. Tangu hapo sina raha, kila nikikaa mtoto huyo na kitabu chake: "Bibi, nisomee." Mimi shule sikwenda, hata barua hii ameniandikia kijana wa dukani. Nimeviweka juu ya kabati nikamwambia atasomewa mama akirudi. Je, asubiri, au nimtafutie mtu wa tuisheni?*
Bibi mlezi, Muheza

Bibi mwenzangu, vishushe hivyo vitabu leo hii, na hela ya tuisheni mnunulie mayai. Mjukuu wako anachotaka ni mketi pamoja, kitabu kiwe mapajani, umwambie humo ndani kuna nini. Kazi hiyo unaiweza kuliko wengi wenye vyeti.

Kitabu cha mtoto wa umri huo kina mstari mmoja au miwili ya maandishi kwa kila ukurasa. Kilichobaki chote ni picha, na picha hazina haja ya shule. Mkalishe ubavuni, mwache yeye ndiye afunue kurasa. Muulize: huyu nani? Anakwenda wapi na ndoo? Mbona yule kanuna? Halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wakubwa tunaposhindwa, tunauliza na kujijibu wenyewe, mtoto anabaki kutukodolea macho. Mpe nafasi ahangaike na jibu lake. Akisema "kuku", lipokee neno hilo ulirefushe: "Eeh, kuku mwenye vifaranga, anapekua jaani kama yule wa jirani." Kesho utamsikia yeye mwenyewe anamwambia paka "usipekue".

Usidhani nakufariji tu. Mwaka 1988 mtaalamu mmoja wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa miaka miwili hivi. Wazazi wa makundi yote mawili walikuwa wakiwasomea wanao nyumbani kwa muda wa mwezi. Kundi moja likaelekezwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kurefusha anachosema mtoto, na kumpa zamu ya kusema. Mwezi ulipokwisha, watoto wa kundi hilo walikuwa wamewaacha wenzao mbali katika kusema. Wote walifunguliwa vitabu. Waliozungumzishwa ndio waliopiga hatua.

Ila usimdanganye kwamba unasoma. Mwambie wazi: "Herufi bibi hakufundishwa, picha nazielewa, tusimuliane." Na mama yake huko Dar apewe kazi. Mpelekeeni picha za kurasa kwa WhatsApp, kijana wa dukani atawapigia, naye arekodi sauti akisoma maandishi kama yalivyo. Mnaiwasha, mnafunua kurasa pamoja. Baada ya siku chache mtoto atagundua jambo ambalo walimu tunahangaika nalo darasani: hadithi ya bibi kila siku ina vionjo vipya, ya mama inatoka neno kwa neno ileile. Hapo ataanza kuyatazama yale maandishi meusi kwa jicho jingine, maana ndiyo yaliyomshika mama asibadilishe.

Tena huenda utasema nyumbani hamna cha kusoma zaidi ya vitabu hivyo. Kanga je? Huna kanga hata moja usiyoijua jina lake, maana dukani huwezi kukubali kuuziwa kanga yenye maneno usiyoyajua, ukaenda nayo shughulini ukawatukana watu bila kukusudia. Chukua ile iliyoandikwa NANI KAMA MAMA, najua unayo, hakuna asiyekuwa nayo. Itandike kitandani, pitisha kidole taratibu chini ya maneno huku ukiyasema: na-ni, ka-ma, ma-ma. Rudia siku nyingine. Kuna siku atakuzuia mkono akuoneshe kwamba huku mwisho kuna kitu kimejirudia, na ni kweli, *ma* imo mara tatu. Akifika hapo ameanza kusoma, na aliyemfikisha ni wewe.

Sasa masikio. Kiswahili kimetupendelea: maneno yetu karibu yote yanakatika vipande vinavyoishia na irabu, na mtoto anayevisikia vipande hivyo ana kazi ndogo sana siku atakapooneshwa herufi. Kwa hiyo mkate maneno kwa makofi mnapochambua mchele: ki-ta-bu, makofi matatu, m-che-le, matatu pia, pa-ka, mawili, panya je? Teganeni vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango," naye ahangaike mpaka alione yai. Na kama wewe ni mtu wa pwani hii, utakumbuka kinyume, ule usemi tuliokuwa tukiwaficha wakubwa, silabi ya mwisho inaletwa mbele: maji yanakuwa *jima*, kitabu kinakuwa *bukita*. Si mchezo wa jana huu. Askofu Edward Steere, aliyekusanya Kiswahili cha Unguja karne ya 19, aliuweka kwenye kitabu chake. Sisi tulichapwa kwa kuusema mbele ya wageni. Kumbe tulikuwa tunafanya zoezi la silabi ambalo leo watu wanaitiwa semina hotelini kufundishwa! Kwa miaka minne kinyume bado kigumu kidogo, mwanzie kwa jina lake mwenyewe, akicheka mwongezee.

Na wewe je? Mimi na wewe tunaikumbuka miaka ya sabini. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu wazima wakakaa chini ya miembe na ubao. Kama ulipitwa wakati ule, fuatisha kidole cha mjukuu. Sioni aibu hapo.

*Mwalimu, mimi ni dereva wa bajaji Kahama, mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu. Huku vitabu vya hadithi vya watoto ni shida, na nikivikuta bei inanishinda. Simu ninayo nzuri, ila mke wangu hataki kabisa mtoto aguse simu. Nisaidie.*
Baba wa Kahama

Mkeo ana hoja, na wewe una simu, kwa hiyo mtapatana hivi: simu ishikwe na wewe, mtoto atazame. Kuna mradi wa Afrika Kusini unaoitwa African Storybook, unatoa hadithi za picha bure kwenye intaneti, kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Unaruhusiwa kuzipakua na hata kuzichapa. Pakua siku ukiwa na bando, msomee jioni kibandani kwako, kisha simu irudi mfukoni. Ukimwachia, dakika mbili nyingi atakuwa ameshatoka kwenye hadithi yuko kwenye video za magari yanayogongana.

Ila mimi ningependa zaidi mtengeneze kitabu chenu. Chukua boksi la sabuni, kata kurasa zilingane, toboa kwa msumari, shona kwa uzi wa gunia. Gundi koroga ya unga wa ngano. Bandika makaratasi anayoyaona kila siku: pakiti ya chumvi, ya majani ya chai, kiberiti, stika ya mtandao wa simu, kipande cha kalenda ya mwaka jana chenye picha ya mbuga. Chini yake andika kwa herufi ndogo, kubwa kwa umbo: *chumvi. chai. baba anawasha moto.* Nasema herufi ndogo kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa hivyo, na mtoto aliyefundishwa herufi kubwa peke yake hupotea akifungua kitabu cha kwanza. Ukurasa mmoja awe yeye mwenyewe na bajaji. Kitabu chenye jina lake ndani hakilali kabatini, nakuhakikishia.

Halafu wewe unaendesha maandishi kutwa nzima, unalalamika huna cha kusoma! Namba ya bajaji yako inaanzia na MC. Mwoneshe. Kesho muwe mnahesabu MC zinazopita na kutafuta iliyo na herufi ya mwanzo ya jina lake. Siku ukiosha chombo mpe kidumu cha maji na brashi aandike ukutani anachotaka, jua likikausha anaandika tena. Vizibo vya soda viokoteni, andika silabi juu yake kwa kalamu ya wino mzito, *ba, ta, ka, ma, la*, muwe mnapanga: ka-ka, ba-ta, ta-ka, ma-ma. Yeye atapanga *la-ba* akuulize ni nini. Cheka, mwambie bado hatujaligundua.

Jambo moja la mwisho kwako. Watoto wakicheza duka, na huko Kahama najua wanacheza kwa mchanga na majani ya mwembe, mpe mwanao karatasi na kipande cha penseli awe na daftari la madeni. Atachora mikunjo isiyosomeka na kukwambia, "Baba unadaiwa sukari." Usimsahihishe. Ameshajua kwamba deni likiandikwa halisahauliki. Wewe jitetee kwamba ulishalipa, muulize ameandika wapi, atakusomea.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu ametimiza miaka mitatu, yuko nasari ya Kiingereza hapa Dar. Kila siku anapewa kazi ya nyumbani: ajaze ukurasa mzima wa herufi "a". Analia, mimi nalia. Mtoto wa jirani wa umri huohuo anasoma maneno ya Kiingereza mpaka anatuaibisha. Shule wananiambia nyumbani niache Kiswahili ili asichanganyikiwe. Nifuate?*
Mama wa Tabata

Marahaba mwanangu. Usifuate.

Kiganja cha mtoto wa miaka mitatu bado kinajifunza kushika. Kinataka ngano ya chapati aifinyangefinyange, maharage ayachambue, vibanio vya nguo avibane kwenye kamba, mchanga auchore kwa kidole. Penseli na mistari miwili ya daftari vingoje. Mtaala wetu wenyewe unamweka mtoto wa miaka mitano kwenye elimu ya awali na wa sita darasa la kwanza. Finland, nchi ambayo kila mtu anaisifu kwa elimu, wanaanza shule wakiwa na miaka saba.

Na kwa kuwa Kiingereza ndicho kinachowatia homa, nikupe hesabu. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa watafiti wakiongozwa na Philip Seymour, waliolinganisha watoto wa nchi nyingi za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kujifunza kusoma. Watoto wa Finland walisoma sawasawa maneno 98 kati ya 100. Watoto wa Scotland wanaosoma Kiingereza, yaani lugha yao ya nyumbani, walisoma 34. Si kwamba ni wajinga. Kiingereza kinaandikwa hivi na kutamkwa vile, Kifini kinasomwa kilivyoandikwa. Kiswahili kiko upande wa Kifini: *a* ni *a* asubuhi na jioni. Sasa niambie, mtoto wako ukimpa mlango wa Kiswahili akaelewa kwamba herufi hubeba sauti na sauti zikiungana huleta maneno, umemchelewesha au umemwahisha? Ujuzi huo akishaupata atakwenda nao kwenye Kiingereza. Usimnyime lugha anayoiotea ndoto kwa sababu ya tangazo la ukutani.

Mtoto wa jirani mwache. Wapo wanaokariri kadi. Mchanganyie kadi zake uone.

Kwa shule, nenda ukaongee na mwalimu wake kwa upole, wengi wanajaza hayo madaftari kwa sababu wazazi ndio wanaotaka kuona daftari limejaa. Mwambie wewe hutaki. Jioni hiyo iliyokombolewa, msimulie. Mkipanda daladala mkae dirishani, mwoneshe pale mbele palipoandikwa Tabata, ni maandishi yenye maana kwake, yanampeleka nyumbani. Na kama una Jumamosi moja huru, Maktaba Kuu ya Taifa pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed ina sehemu ya watoto. Ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1967 na bado watu wa Dar wanaipita wakienda Posta kana kwamba ni ofisi ya serikali.

*Mwalimu, mwanangu wa miaka mitano anakwenda madrasa na awali. Anafungua vitabu kwa nyuma, na namba 3 anaigeuza. Ana matatizo ya akili?*
Mzazi, Pangani

Hana. Madrasa msahafu unafunguliwa kulia, shuleni kitabu kinafunguliwa kushoto, naye amejifunza njia zote mbili, bado hajajua ipi ni ya wapi. Kila mkiketi mwambie, "Hiki kinaanzia huku," weka kidole chake pale. Hata sisi tuliopita njia hiyo tulizoea bila dawa. Kugeuza 3 au *b* na *d* ni kawaida kabisa mpaka miaka sita, saba. Akifika la pili bado anageuza sana na kusoma kunamsumbua, hapo mwone mwalimu wake, na macho yapimwe.

*Mwanangu ana mwaka na nusu. Kila kitabu anakitafuna au anakichana. Nimeacha kununua.*
Mama Kijana, Morogoro

Mtoto wa umri huo anajua vitu kwa mdomo, na ukurasa ukichanika unatoa mlio mtamu. Mpe gazeti la zamani la kuchana, kitabu kiwe cha kuketi nawe. Tafuta vya karatasi ngumu, au bandika picha kwenye vipande vya boksi uvifunike kwa selotepu pana. Viweke chini anapovifikia. Vikiliwa, vimetumika.

*Assalaam aleikum mwalimu. Tunaishi Maskati. Mama yangu alizaliwa Unguja, mimi nimekulia hapa nikisema Kiswahili nyumbani. Binti yangu wa miaka mitano anaelewa kila neno lakini anajibu kwa Kiarabu. Shuleni anajifunza kusoma Kiarabu na Kiingereza. Nikimlazimisha Kiswahili ananuna. Vitabu vya Kiswahili hapa sivioni. Nianzie wapi?*
Mama wa Maskati

Waaleikum salaam, mwanangu. Anzia kwa mama yako, maadam yuko hai na ana hadithi. Tabu ya "sema Kiswahili!" ni kwamba mtoto anaisikia kama adhabu. Hadithi ya bibi ina dawa yake ndani. Bibi akisema "Paukwa!" hakuna jibu la Kiarabu la kumpa, lazima mtoto aseme "Pakawa!" la sivyo hadithi haiji. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza ya hiari. Kisha bibi aingize kiitikio ndani ya hadithi, wimbo mfupi wa sungura anaouimba kila anapokimbia, na aache neno la mwisho litoke kinywani kwa mtoto. Kila usiku hadithi ileile kama anaitaka. Nyinyi wakubwa ndio mnaochoka na marudio, mtoto anayapenda.

Vitabu visivyo na maandishi, vya picha tupu, vinauzwa popote duniani na havina lugha. Nunua hivyo. Bibi avisimulie kwa Kiswahili, baba kwa Kiarabu, hapo mtoto anaona picha moja ina milango miwili. Ule mradi wa hadithi za bure niliomwambia baba wa Kahama unapatikana hata huko, na hadithi nyingi zina matoleo ya lugha zaidi ya moja.

Kusoma kwa Kiswahili usikuharakishe. Herufi za Kilatini anazipata kwenye Kiingereza. Akishazizoea, kaa naye siku moja umwoneshe kwamba kwa bibi irabu hazibadiliki, na umwandikie jina la bibi asome mwenyewe. Kama herufi za Kiarabu ndizo anazozimudu zaidi, mwandikieni kwa hizo, na irabu zake juu na chini. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo karne kadhaa kabla ya Kilatini, tenzi za Lamu na Pate zimehifadhiwa hivyo, na bibi huenda ana barua za wazee wake za namna hiyo sandukuni. Mwombe azitoe.

Na binti akijibu kwa Kiarabu katikati ya hadithi, bibi asikatize kumsahihisha. Ayapokee aliyoyasema, ayarudishe kwa Kiswahili, sungura aendelee kukimbia.